Damu ya Mzee Kwenye Ndoo ya Spinachi

"Ptuu! Mungu wangu, ni nini hiki?"

Bi Ndoo alitupa koleo, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga tangi la maji. Ndoo ya spinachi aliyokuwa ameipindua ili ahamishe miche ilikuwa imelala ubavu juu ya paa, udongo umemwagika, na katikati ya udongo mizizi ilikuwa imejisokota na vitu virefu vyekundu vya kuiva, vimelowa, vinang'aa. Alidhani ni minyoo. Alisubiri vitembee ili apige kelele vizuri. Havikutembea.

Akaokota kijiti, akavuta kimoja. Kilitoka taratibu, na mizizi nyeupe ya spinachi imekishika hapa na pale.

"Rasta," alisema peke yake. "Rasta za kichwani, kwenye spinachi yangu!"

Matapishi yalimpanda mpaka kooni, akayameza, na kule kuyameza kukamtia kinyaa upya.

Huyu dada ana kinyaa, na ghorofa nzima inajua. Glasi ya mtu hanywei. Akienda hotelini anafuta kijiko kwa leso yake mwenyewe. Mboga anaosha maji matatu, na ni mboga zake hizo hizo anazozipanda juu ya paa: ndoo arobaini za rangi, madumu yaliyokatwa ubavu, mabeseni yaliyopasuka na karai moja lisilo na mshikio. Kila chombo amekitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, akatandika kokoto, akajaza udongo. Jioni wapangaji wanapanda ngazi kununua mafungu ya mchicha na spinachi, na ndio waliombandika jina la Bi Ndoo.

Sasa mtu wa namna hiyo alikubalije kuweka nywele za watu kwenye mboga? Mapenzi, nini kingine.

Mchumba wake alikuwa kinyozi. Miezi saba iliyopita alipanda mpaka juu ya paa na kiroba begani.

"Nimekuletea mbolea."

"Mbolea gani hiyo?"

"Nywele. Nafagia kiroba kizima kila siku natupa, na wewe kila siku unalia mchicha wako umedumaa."

"Nywele za watu? Kwenye mboga? Toka hapa na uchafu wako!"

"Zinaoza, mpenzi. Zinakuwa udongo."

"Za watu nisiowajua! Zenye mba!"

"Mba nayo ni mbolea."

Kinyozi alicheka mpaka akalegea, na kicheko chake kilikuwa ndicho ugonjwa wa Bi Ndoo. Akakubali. Kila Jumamosi Kinyozi analeta kiroba, Bi Ndoo anachimba shimo ndani ya ndoo, anabana pua kwa mkono mmoja, anageuza uso upande wa pili, anamwaga, anafukia haraka haraka. Kinyozi husimama pembeni akimcheka: "Hata huangalii unachomwaga!"

"Nikiangalia sitakula mwezi mzima."

Na kweli mboga zilinenepa. Majani ya spinachi yakawa mapana kama viganja vya mtu mzima. Bi Ndoo akasema harusi yake italiwa mboga za ndoo zake, hakuna za kununua. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Zimebaki siku tisa, na yeye yuko juu ya paa anatazama rasta.

Aliinama, akazisogelea. Kila kipande kilikuwa kimesukwa mpaka ncha. Ni vile vipande vya chini ambavyo mtu hukata kwa mkasi kabla ya kufumua kilichobaki. Rangi yenyewe damu ya mzee.

Mkono ukamwenda kichwani. Yeye alikuwa amesuka damu ya mzee. Akazishika zake, akazivuta kidogo. Zote zipo, zimekaa, hakuna hata moja iliyokatwa.

Halafu akaona kipande kimoja kimevaa kipete cha shaba.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana."

Kuna mtu mmoja tu aliyesuka damu ya mzee siku moja na yeye, kiti kwa kiti, akaongezea vipete. Ni rafiki yake, aliyekuwa akimwita Pacha tangu shuleni, kwa kuwa walivaa sare, walikula sare na walisuka sare. Wamesuka kahawia pamoja, wamesuka bluu pamoja. Dhahabu tu ndiyo hawajawahi, Pacha alisema ikimkaa kichwani anafanana na hindi bichi. Siku ya kuvishwa pete walikubaliana damu ya mzee. Wiki tatu baadaye Pacha akaja na nywele zake fupi: eti rasta zilikuwa zinambana, amefumua, amepumua. Na huyo Pacha ndiye msimamizi wa bibi harusi.

Bi Ndoo alinawa mikono mara tatu, akakaa juu ya ndoo tupu, akampigia Kinyozi.

"Mpenzi, uko kazini?"

"Nipo na kichwa cha mtu hapa. Sema."

"Kuna mpangaji mmoja hapa chini, mwanamke, anataka umfumue rasta."

Akasikia mashine inazimwa.

"Nani? Mimi? Mwambie aende saluni. Mashine yangu haijui kichwa cha mwanamke."

"Hujawahi hata siku moja?"

"Si nilikwambia hata wewe? Nywele za wanawake sizigusi. Vidole vinaniuma."

Ni kweli, alimwambia. Mwaka jana Bi Ndoo alikuwa na homa, kichwa kinawaka, akamwomba amsaidie kufumua nusu ya nyuma tu, asikofika vizuri. Kinyozi alimpa vidonge, akampa pole, akarudi kutazama mpira.

"Basi nitamwambia," alisema Bi Ndoo. "Endelea na kichwa chako."

Akamwandikia Pacha: "Pacha, zile rasta ulifumulia wapi? Na mimi nataka kuzitoa kabla ya harusi."

Jibu halikuchelewa: "Kwa yule dada wa saluni ya kona. Ila ana mkono mzito huyo, utalia. Nitakuja nikufumue mimi mwenyewe, bibi harusi wangu 😘"

Alikitazama kile kibusu mpaka simu ikazima mwanga. Kisha akampigia dada wa saluni.

"Dada, shikamoo. Hivi yule rafiki yangu alikuja kufumua kwako?"

"Marahaba. Nani, yule wa vipete? Hajakanyaga hapa tangu niwasuke. Na ukimwona mwambie vile vipete nilimwazima tu, sikumpa. Kimya mpaka leo!"

"Nitamwambia. Vipete vyako vipo."

"Viko wapi?"

"Vipo, dada. Vinaoga."

Siku ile hakulia. Kulia kunataka huzuni, na yeye alikuwa na kinyaa kitupu. Kila alipowaza mikono ya Kinyozi, aliona vidole vyake ndani ya rasta, kimoja kimoja, taratibu, bila kuuma. Alipindua ndoo mbili zilizokuwa jirani na ile ya spinachi, akakuta vipande vingine. Aliviokota vyote kwa kijiti. Halafu akaviosha. Maji matatu.

Jumapili kulikuwa na chakula cha mchana nyumbani kwake, kilichopangwa zamani ili mama yake Kinyozi aonje mboga za harusi. Mama alifika wa kwanza, amevaa vizuri, na maneno yake mengi.

"Mwanangu, ngazi hizi zitaniua kabla sijamwona mjukuu."

"Pole, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umefunga kitambaa kichwani? Unaumwa?"

"Nimefunga tu, Mama. Karibu ukae."

Kinyozi akaingia anapuliza mluzi, nyuma yake Pacha na keki mkononi. Walikutana mlangoni, walisema, wakacheka wote wawili kwa bahati hiyo.

"Shemeji, nisogezee kiti," alisema Pacha.

"Kaa, shemeji, kaa, wewe ndiye mkubwa wa harusi."

Shemeji huku, shemeji kule. Bi Ndoo alilisikia neno lile na ulimi wake mwenyewe ukawa mchungu.

Akapakua. Mama akaonja, akafumba macho.

"Hizi ndizo mboga! Nilimwambia mwanangu, mwanamke anayeotesha chakula kwenye ndoo ya rangi, huyo hata jangwani mtakula. Mbona wewe huli?"

"Hizi nimenunua sokoni, Mama. Za kwangu nimeweka kwenye bakuli lile lenye mfuniko."

"Hee! Tumenyimwa nini sasa?" Kinyozi alicheka, akavuta bakuli, akafunua.

Mfuniko ukabaki hewani mkononi mwake.

Ndani ya bakuli rasta zilikuwa zimelazwa zimezunguka vizuri, nyekundu za kuiva, zimelowa bado, na vipete vya shaba vinametameta juu yake.

"Yesu na Maria!" Mama alisukuma sahani yake. "Ni nini hiyo, mwanangu?"

"Mavuno, Mama. Nimeyatoa Alhamisi kwenye ndoo ya spinachi. Kwenye mbolea anayoniletea mwanao."

Pacha aliweka kijiko chini pole pole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kinyozi akauweka mfuniko mezani.

"Si... si zako hizo? Wewe si umesuka rangi hii?"

Bi Ndoo alivuta kitambaa. Rasta zake zikamwagika mabegani, damu ya mzee, zote.

"Zangu hizi hapa. Hebu hesabu."

"Basi labda ni za mteja."

"Mteja wako mwanaume, mwenye rasta mpaka kiunoni, na vipete?"

"Siku hizi wapo."

"Nyamaza wewe!" Mama alimkatiza. "Unanidanganya mimi nimekula chumvi yote hii? Rasta za nani?"

Pacha alikuwa ameshika nywele zake fupi bila kujua kama ameshika.

"Pacha," alisema Bi Ndoo, "dada wa saluni anataka vipete vyake."

"Pacha wangu, nisikilize. Zilikuwa zinanibana kweli. Nilipita tu kwa shemeji, saluni imefungwa, nikamwambia hebu nisaidie. Hakuna kingine, naapa."

"Kichwa kile kinafumuliwa kwa muda gani?"

"Sijui..."

"Unajua. Tulikaa siku nzima tukisukwa. Kufumua ni masaa manne, ukiwa na haraka. Masaa manne amekushika kichwa, huyu ambaye vidole vinamuuma. Mimi na homa yangu nilimwomba nusu saa tu!"

"Na ulikaa wapi, binti?" aliuliza Mama kwa sauti ndogo.

"Chini, Mama."

"Na yeye?"

Pacha akainama. "Kitandani."

Swali la tatu halikuwa na haja. Kila mwanamke aliyewahi kufumuliwa anajua kichwa kinakaa wapi pale aliyekaa chini na aliyekaa juu wanapokutana. Mama alichukua kitambaa cha mezani, akafuta midomo, akafuta tena, na mboga aliyokuwa ameisifia akaifunika kwa sahani.

"Mpenzi, ilikuwa mara moja tu," alisema Kinyozi. "Shetani alinipitia. Mara moja!"

"Mara moja?" Pacha aliinua kichwa, na sasa hasira yake ilikuwa ya kweli. "Miezi mitano unaiita mara moja? Si ulisema harusi ikipita utamweleza taratibu, unamwonea huruma tu kwa vile maandalizi yameshaanza?"

"Huruma," alisema Bi Ndoo.

"Usimsikilize, ana wivu huyu!"

"Wivu, mimi? Wewe unanuka mafuta ya mashine, nikuonee wivu!"

"Mbona hukusema nanuka siku zote hizo?"

Walianza kutupiana maneno juu ya chakula, yule anamtaja huyu, huyu anamrudishia, kitanda, simu, nani alianza kumwandikia nani. Bi Ndoo alikaa anawatazama. Hawa ndio alikuwa amewawekea keki yao katikati ya meza. Huyu ndiye aliyekuwa amshikie shela, na huyu ndiye aliyekuwa alale naye mpaka uzee. Kama angewakuta kwenye kikombe, angekimwaga na kikombe chenyewe angekitupa.

"Nina swali moja," alisema, akawakatiza. "Duka lako lina pipa la taka. Barabara ina pipa la taka. Kwa nini uliniletea mimi?"

Kinyozi akalitazama bakuli. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akasema kweli, kwa kuwa hakuwa amejiandaa kwa swali lile.

"Sikufikiri. Nilifagia chumba. Nywele ni nywele, nikatia kwenye kiroba. Kazi yangu ndivyo ninavyofanya."

"Hukufikiri."

"Na wewe... wewe huwa huangalii."

Bi Ndoo akasimama.

"Ndiyo," alisema Bi Ndoo. "Nilikuwa nageuza uso. Nilimwambia Mungu huyu mwanaume nampenda mpaka kinyaa changu nimekiweka pembeni, na wewe ukapata mahali pa kutupia taka zako. Nimelisha ghorofa nzima. Nimekula mwenyewe. Nimeila spinachi ile nikakuambia tamu!"

Akavua pete kidoleni. Haikutoka upesi, ilibidi aizungushe. Akaidondosha ndani ya bakuli, ikazama kati ya rasta na vipete vya shaba.

"Chukua yako, na vilivyobaki umrudishie dada wa saluni. Halafu mtoke. Keki yenu msiisahau."

Na Kinyozi, badala ya kuondoka kama mtu, aliingiza vidole kwenye bakuli akaanza kuitafuta. Alipekua rasta zilizolowa, akatoa kipete, siyo, akatoa kingine, siyo, maji yanachuruzika mezani. Pacha alisimama mlangoni anamtazama akipekua nywele zake.

"Acha, mwanangu," Mama alisema. "Acha, unanitia kichefuchefu."

Hakuacha mpaka alipoipata.

Jumamosi iliyokuwa ya harusi, Bi Ndoo alikuwa juu ya paa tangu asubuhi, amevaa gauni kuukuu. Aliamua kumwaga udongo wa vyombo vyote. Alikuwa kwenye ndoo ya tatu aliposikia mtu anahema kwenye ngazi.

"Ngazi hizi zitaniua."

Alikuwa mama yake Kinyozi, na chekeche kubwa la mchanga mkononi.

"Mama? Shikamoo. Umekuja kumwombea?"

"Marahaba. Nimwombee nini? Nilimzaa, nikamwogesha, nikamkata kucha. Kilichobaki akajiombee. Nimeshona nguo ya harusi, siwezi kukaa nayo nyumbani naitazama. Nimesikia unamwaga udongo, nimekuja tuchekeche."

Bi Ndoo hapo ndipo alipolia, dakika mbili hivi, na Mama akamwacha alie huku akitafuta ndoo ya kukalia.

Wakafanya kazi. Mmoja anamwaga, mwingine anatikisa. Nywele fupi za wateja zilikuwa zimelainika, ukizigusa zinakatika, nyingi zimeshakuwa udongo.

"Kumbe kweli zinaoza," alisema Mama.

"Kwa hilo hakudanganya. Za watu zinaoza. Hizi za bandia, Mama, hata wajukuu zako wangezikuta."

Ndoo ya kumi na mbili ilitoa rasta za bluu. Bi Ndoo alizijua, ni za miezi mitatu iliyopita. Ndoo ya kumi na tisa ikatoa za kahawia, kabla ya hizo. Miezi mitano ya Pacha ilikuwa imefukiwa pale kwa mpangilio, rangi kwa rangi. Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa Kinyozi.

"Mpenzi najua una hasira. Kiroba cha wiki hii nimeshakifagia, nimekagua mwenyewe, hakina kitu. Nikuletee?"

Alimsomea Mama.

"Mwambie atie kwenye chai yake."

Walicheka mpaka Mama akashika mbavu. Hakumjibu. Aliinamisha karai lile lisilo na mshikio, udongo ukaanguka kwenye chekeche, Mama akatikisa, na juu ya wavu kikabaki kipande kirefu, kimesukwa mpaka ncha.

"Na hii je? Hii nayo ya yule binti?"

Bi Ndoo alikishika kwa vidole vyake, bila kijiti. Akakipangusa udongo kwa kidole gumba, akakiinua juani ili akione vizuri.

Dhahabu.

"Hapana, Mama. Pacha hajawahi kusuka dhahabu. Alisema anafanana na hindi bichi."

"Basi ni ya nani?"

"Sijui. Na leo si kazi yangu kujua."

Alikilaza juu ya ndoo nyeupe, akakipiga picha, akamtumia Pacha. Hakuandika neno. Alama za kusomwa zikageuka bluu papo hapo. Haikupita dakika, simu ikaanza kulia, ikakatika, ikalia tena, jina la Pacha linawaka na kuzima juu ya ukingo wa ndoo.

"Hupokei?"

"Nina udongo mikononi, Mama. Nisogezee hiyo ndoo inayofuata."